Mali Kauli: Mteja wa Kweli Katika Somo la Biashara, Kutoka Ujiji Hadi Rumonge

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Rumonge. Siku ya pili asubuhi mama alinituma sokoni kununua ndagala, wale samaki wadogo ambao wenzetu wa Kigoma huwaita dagaa. Hapo nikakutana na mama mmoja ambaye ni katibu wa kikundi cha wakamuaji mawese. Mwaka uliotangulia, mimi na wanafunzi wenzangu wanne wa biashara tulifanya mradi wetu wa mwaka wa pili katika kikundi chake. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniuliza habari za masomo, kisha akasema: "Sasa mwanangu, yale maneno yetu mliyoyaandika, yaliishia wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Maneno yao yalikuwa Bujumbura, ndani ya kabati la kitivo, yameandikwa kwa Kifaransa, yamefungwa kwa jalada la plastiki na kupewa alama 16 kwa 20.

Insha hii imezaliwa na swali lile. Siku hizi vyuo vingi hupenda kufundisha biashara kwa kutumia wateja wa kweli. Badala ya kusoma habari za kampuni iliyomo kitabuni, wanafunzi hupelekwa kwa mtu mwenye biashara yake, wakachunguza tatizo lake na kumshauri. Tunaambiwa kwamba ni njia mpya. Nitajaribu kuonyesha kuwa katika mwambao wa Ziwa Tanganyika vijana walijifunza biashara kwa mali ya watu muda mrefu kabla ya darasa kujengwa, na kwamba historia ya njia hii, kwetu na kwingineko, inazunguka swali moja: mwanafunzi aliyejifunza kwa mali ya mtu anamrudishia nini mwenye mali? Msimamo wangu ni kwamba mradi wa mteja ni deni, na deni hilo halilipwi kwa alama.

Mali kauli

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, walikuta biashara imekwisha kukomaa. Waarabu na Waswahili kutoka pwani walikuwa wakinunua pembe za ndovu na watumwa, na wenyeji wa pande zote za ziwa walileta chumvi, samaki, nafaka na mafuta. Burton aliandika juu ya mchikichi na mawese yake, tena akiutaja mti kwa jina hilihili tunalolitumia leo. Kwa hiyo mawese ya mwambao wa Burundi yalikuwa bidhaa kabla Mzungu yeyote hajatawala huku.

Wafanyabiashara wa misafara walikuwa na utaratibu ulioitwa mali kauli. Mtu mwenye mali alimkabidhi mwenzake nguo, shanga au bidhaa nyingine kwa ahadi ya mdomo. Yule aliyepokea alikwenda nazo bara, akauza na kununua, kisha akarudi na alichokipata ili hesabu ifanyike. Dhamana ilikuwa kauli. Aliyevunja kauli yake alipoteza jina, na asiye na jina hakupewa mali tena. Kwa macho ya mwanafunzi wa leo, utaratibu huu ulikuwa pia shule. Kijana hakupewa mfano wa biashara. Alipewa biashara yenyewe, ikiwa na hasara yake na aibu yake.

Ushahidi mzuri umo katika maisha ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili na kuchapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Anasimulia kwamba alianza safari za karibu akiwa na miaka 12, akichuuza sandarusi pamoja na jamaa zake. Alipofikia miaka 18 alifuatana na baba yake safari ya bara. Ilipofika wakati wa kuvuka ziwa kwenda Urua, baba alitaka mali iwe mikononi mwa mtu mwingine. Kijana alikataa kwenda akiwa mfuasi wa mali ya kwao, na mwisho akakabidhiwa. Huko Urua wenzake walinunua pembe kubwa kwa bei kubwa. Yeye akachukua ndogo zilizokuwa rahisi. Mwalimu wa masoko angeweza kufundisha saa mbili nzima kutokana na uamuzi huo mmoja.

Lakini lazima nikumbuke kitu ambacho wasifu wa mfanyabiashara haukiweki mbele. Katika biashara ile watu walikuwa bidhaa. Kauli iliwafunga mwenye mali na mpokea mali; haikumfunga yeyote kwa mtumwa aliyebeba pembe wala kwa kijiji kilichovamiwa. Heshima ya mkataba kati ya watu wawili haikutosha kuifanya biashara iwe ya haki. Nalitaja hili mapema kwa sababu mradi wetu wa Rumonge nao ulikuwa na watu ambao hatukuwahesabu.

Darasa linatafuta mteja

Shule ya kikoloni ilikuja na mawazo mengine. Katika Ruanda-Urundi, Wabelgiji walihitaji makarani na wasaidizi wa utawala, na elimu ya juu ilichelewa sana. Chuo Kikuu Rasmi cha Bujumbura, kilichotangulia Chuo Kikuu cha Burundi cha leo, kiliundwa mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru. Tulirithi mtindo wa mhadhiri kusoma na mwanafunzi kuandika. Uhasibu ulikuja na majina ya kampuni za Ulaya, na kijana wa Rumonge alijifunza kufunga hesabu za kiwanda ambacho hajawahi kukiona. Mwisho wa masomo kulikuwa na staji, yaani mafunzo kazini. Staji ina faida zake, lakini mwanafunzi wa staji ni mgeni ndani ya ofisi ya watu: hufuata kazi anayopewa, na mara nyingi hapewi tatizo la kulitatua.

Kwingineko duniani, darasa la biashara lilikuwa likihangaika na tatizo hilohilo. Mwaka 1906, katika Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, Herman Schneider alianzisha mpango wa wanafunzi wa uhandisi kupishana kati ya darasa na kiwanda. Shule ya biashara ya Harvard ilifunguliwa mwaka 1908, na katika miaka ya 1920 ikajulikana kwa kufundisha kwa visa: wanafunzi husoma mkasa wa kampuni halisi, wakajadiliana wangeamua nini. Kisa ni bora kuliko nadharia tupu, lakini kina upungufu mmoja. Kampuni ya kisani haiwezi kukujibu. Ukiishauri vibaya haifilisiki, na kesho yake unafungua kisa kingine.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumleta mteja aliye hai. Mwaka 1972 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia biashara ndogo lilianza kushirikiana na vyuo vikuu, wanafunzi wakawa washauri wa wafanyabiashara wadogo wa mji wao chini ya uangalizi wa walimu. Fedha za serikali zilikoma katika miaka ya 1990, lakini mtindo ukabaki na kuenea. Hapa ndipo ulipotoka mradi wa mteja tunaoujua leo. Nauweka mwaka huo wa 1972 akilini mwa msomaji, maana nitaurudia kwa sababu nyingine kabisa.

Funzo la Moshi

Kabla ya kurudi Rumonge, napita kwa jirani. Tanzania ina historia ambayo sisi wanafunzi wa biashara wa Burundi tungepaswa kuijua vizuri zaidi. Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa mwaka 1963, katika mkoa ambao wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu, KNCU, tangu 1933. Chuo hicho hakikutafuta wateja kama pambo la somo. Kilizaliwa kwa ajili yao. Makatibu wa vyama, watunza hesabu na wakaguzi walikwenda Moshi wakiwa na matatizo ya vyama vyao, na elimu ya ushirika ilipelekwa pia mikoani kwa wanachama wenyewe.

Kisha likaja Elimu ya Kujitegemea, andiko la Mwalimu Nyerere la mwaka 1967, lililosema kuwa shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaenda mbali zaidi, likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Mtu anaweza kubishana kuhusu namna maazimio hayo yalivyotekelezwa. Lakini wazo lake la msingi lilikuwa kwamba anayesomeshwa ana deni kwa waliomsomesha, na kwamba deni hilo lionekane ndani ya masomo yenyewe.

Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Chuo cha Moshi kilivuka kipindi hicho, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2004, na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Najifunza jambo moja kutokana na miaka hiyo sita kati ya 1976 na 1982. Mteja si kitu kinachosimama mahali pake kikimsubiri mwanafunzi. Mteja anaishi ndani ya siasa na sheria za nchi. Amri moja inaweza kumfuta, na amri nyingine ikamrudisha akiwa na madeni, hofu na kumbukumbu. Anayekwenda kumshauri bila kujua yaliyompata anashauri kivuli.

Rumonge

Rumonge iko takriban kilomita 70 kusini mwa Bujumbura, barabara ikifuata ziwa karibu mwendo wote. Msomaji asiyefika huko afikirie ukanda mwembamba wa tambarare uitwao Imbo: upande mmoja maji, upande mwingine milima, na katikati michikichi. Watu huishi kwa uvuvi, kwa mawese na kwa biashara ya kuvuka ziwa. Kirundi ndiyo lugha ya wote, na Kiswahili ni lugha ya soko, ya bandari na ya mitaa ya zamani ya Waislamu.

Wakoloni wa Kibelgiji walihimiza kilimo cha michikichi katika tambarare hiyo, na baada ya uhuru serikali iliendeleza mashamba hayo kwa miradi mikubwa, hasa katika miaka ya 1970 na 1980. Kwa mwanafunzi wa biashara hiyo ingekuwa historia ya zao tu. Lakini katikati yake upo mwaka 1972. Mwisho wa Aprili mwaka huo mashambulizi yalianza kusini, katika maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, watu wakauawa. Yakafuata mauaji makubwa yaliyofanywa na dola dhidi ya Wahutu nchi nzima. Watu wengi wa mwambao wetu walikimbilia Tanzania, wakakaa miaka zaidi ya 30 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao mashamba hayakubaki matupu. Mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi, mengine yakapewa watu wengine, ambao wengi wao waliyapokea kwa mkono wa serikali na kuyatunza kwa jasho lao.

Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliahidi wakimbizi kurudi na kurudishiwa mali. Tume ya kitaifa ya ardhi na mali nyingine iliundwa mwaka 2006. Tanzania iliwapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua: wengi waliomba uraia wa huko, wengine wakarudi. Waliorudi Rumonge walikuta mti uliopandwa na mtu mwingine juu ya kiwanja cha baba yao. Na yule aliyeupanda alikuwa na watoto waliozaliwa chini yake. Shamba moja likawa na wenyewe wawili, kila mmoja na ukweli wake.

Hojaji yetu

Sisi hatukuyajua haya. Au niseme kweli: mimi niliyajua kama kila mtoto wa Rumonge anavyoyajua, lakini sikudhani kuwa yanahusiana na somo la biashara. Mhadhiri alituambia tumtafute mteja wa kweli, tuchunguze biashara yake kwa majuma matatu, tuandike ripoti yenye mapendekezo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa huko, wenzangu walinikabidhi kazi ya kutafuta. Nikawapeleka kwa kikundi cha akina mama wanaonunua ngazi, yaani vishada vya michikichi, wakazichemsha kwenye mapipa, wakazikamua kwa mashine ya mkono na kuuza mafuta kwa bidoni.

Walitupokea vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Walituonyesha kila hatua, wakatuacha tukae siku nzima kwenye moshi, na katibu akatufungulia daftari lake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huyu mama hakuwa wa kupoteza kitu. Kila bidoni ilikuwa na mstari wake. Kilichonishangaza ni lugha: daftari lote lilikuwa la Kiswahili, kwa mwandiko wa shule. Alizaliwa Ulyankulu, akasoma shule ya msingi ya Tanzania, akajifunza hesabu kwa Kiswahili. Hakuwahi kusoma Kifaransa.

Siku ya tatu tulitoa hojaji. Swali la 11 liliuliza: mashamba mnakotoa ngazi ni mali ya nani, na je, mna hati? Tulilichukua katika mfano wa hojaji tuliopewa. Mwenzangu alilisoma kwa sauti. Akina mama wakanyamaza. Mmoja akainuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa, mwingine akasema mtoto wake anaumwa, na kabla ya nusu saa tulikuwa tumebaki na katibu peke yake. Alitusindikiza hadi barabarani bila kusema neno juu ya jambo hilo. Tukaandika kwenye ripoti: "Swali la 11 halikujibiwa."

Tukarudi Bujumbura, tukaandika. Mapendekezo yetu yalikuwa mawili makubwa. Kwanza, kikundi kisiuze mafuta wakati wa mavuno mengi bei inaposhuka, kiyahifadhi mpaka bei ipande. Pili, kichukue mkopo wa benki kununua mashine ya injini, kwa kuweka ardhi ya wanachama kuwa dhamana. Tuliwasilisha mbele ya darasa, tukiwa na michoro ya rangi. Tukasifiwa. Ndipo ripoti ikaingia kabatini.

Kurudi

Baada ya swali la pale sokoni niliomba nakala ya ripoti kwa mwenzangu, nikakaa siku nne kuifasiri kwa Kiswahili. Kazi hiyo peke yake ilikuwa mtihani. Kuna aya ambazo zilisikika vizuri kwa Kifaransa, lakini nilipotaka kuzisema kwa Kiswahili niliona hazina kitu ndani. Kurasa 34 zikawa kurasa tisa. Siku ya tano nikaenda uani kwa kikundi, nikawasomea.

Pendekezo la kwanza liliwachekesha. Mwenyekiti akanieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kufunga mzigo. Mafuta mengi ya wakati wa mavuno si yao tena. Mnunuzi wa mjini huja miezi kabla, wakati hakuna fedha nyumbani, akatoa malipo ya mbele kwa bei anayoitaka mwenyewe. Mavuno yakifika anakuja kuchukua chake. Huwezi kuhifadhi mafuta ya mtu. Katibu akafungua daftari, akanionyesha alama ndogo ya msalaba kando ya mistari mingi. Tulikuwa tumeiona alama ile na hatukuuliza. Kila msalaba ulikuwa bidoni iliyouzwa kabla ya kukamuliwa.

Pendekezo la pili halikumchekesha mtu. Nilipofika kwenye maneno "ardhi ya wanachama kuwa dhamana," katibu akaninyooshea kiganja nisiendelee. Akawatazama wenzake, kisha akasema wazi kile ambacho hakukisema siku ile barabarani. Kikundi kile kina wanawake waliorudi kutoka Tanzania na wanawake waliobaki. Wawili kati yao, familia zao zinadaiana shamba moja. Walipoanza kukamua pamoja waliapiana jambo moja tu: habari za mashamba zisiingie uani. Kila mtu alete ngazi, zipimwe, ziandikwe, asiulizwe zimetoka wapi. Kwa kauli hiyo wamefanya kazi pamoja miaka. "Nyinyi mlikuja na karatasi," akasema, "mkauliza neno ambalo sisi tuliliapia. Majuma mawili baadaye, wawili hawa hawakusalimiana."

Nilijifunza saa ile kuliko mwaka mzima. Tulikuwa tumewashauri waweke rehani kitu ambacho kukitaja tu kuliwagawa. Benki ingeomba hati, hati ingeomba jina, na jina lingekipasua kikundi. Wenyewe walikuwa na mali kauli yao, makubaliano ya mdomo yaliyobeba biashara nzima, na sisi hatukuyaona kwa sababu hayakuwa na safu katika jedwali letu.

Niliwaomba radhi. Mwenyekiti akasema radhi wameipokea, lakini nisiondoke mikono mitupu wala wao wasibaki mikono mitupu. Wakaniomba hesabu moja: wanapoteza kiasi gani kwa yale malipo ya mbele? Tukakaa na daftari siku mbili. Tulilinganisha bei ya kila bidoni yenye msalaba na bei ya soko ya juma ilipochukuliwa. Matokeo yaliwatia uchungu. Hata wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, mnunuzi alikuwa amewapa chini zaidi. Na tofauti hiyo, ukiihesabu kama riba, ilikuwa kubwa kuliko riba ya mkopo wowote niliowahi kuusoma darasani. Hawakukata shauri siku hiyo. Waliamua tu kwamba kila juma kila mmoja aweke kitu kidogo kwenye sanduku, ili mwenye shida ya ada ya shule akope hapo kwanza kabla ya kumwita mnunuzi. Wazo la sanduku lilikuwa lao. Mchango wangu ulikuwa safu moja mpya katika daftari, iitwayo "tofauti."

Hitimisho

Niliporudi chuoni nilimpelekea mhadhiri zile kurasa tisa pamoja na masahihisho ya akina mama. Alizisoma zote. Akaniambia alama haziwezi kubadilika, na kwamba mpango wa somo hauna saa za kurudi kwa mteja wala nauli yake. Alisema kweli, na simlaumu. Lakini hapo ndipo ninapoona tatizo la njia hii, kwetu na pengine kwingi inakotumika. Tumechukua kwa mteja kile kinachomfaa mwanafunzi: uhalisia, daftari, siku nzima za muda wake. Tukaacha kile ambacho mali kauli ya zamani haikuacha kamwe, yaani siku ya kurudi na kufanya hesabu.

Wapo watakaosema mwanafunzi wa miaka 21 hana cha kumrudishia mfanyabiashara mzoefu, na kwamba mteja hujua hivyo anapokubali kupokea wanafunzi. Hoja hiyo ina uzito. Ushauri wetu ulikuwa mbaya kwa sababu tulikuwa wachanga. Hata hivyo, ubaya wake ulijulikana siku ya kurudi tu. Kama nisingekutana na katibu sokoni, mpaka leo ningeamini kuwa nimeandika ripoti nzuri, na pengine ningemshauri mtu mwingine aweke rehani shamba lenye wenyewe wawili. Kurudi kunamfaa mteja, na kunamfaa mwanafunzi zaidi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na yote ni madogo. Kwanza, alama za mradi zisitolewe mpaka mteja asikie ripoti kwa lugha anayoitumia kwenye daftari lake. Hapa kwetu mara nyingi ni Kirundi au Kiswahili. Pili, kabla ya hojaji yoyote, wanafunzi wasome historia ya mahali wanakokwenda. Somo la historia ya ardhi ya Imbo lingetufaa kuliko sura nzima ya dhamana za mikopo. Tatu, mteja apewe haki ya kukataa swali, na kukataa kwake kuandikwe kama jibu. "Swali la 11 halikujibiwa" ilikuwa sentensi ya uongo. Lilikuwa limejibiwa kwa kunyamaza, na sisi hatukuwa tumefundishwa kusoma ukimya.

Ripoti yetu ya alama 16 bado imo kabatini. Ile ya kurasa tisa iko Rumonge, imekunjwa ndani ya daftari la katibu. Nilipoaga, aliniuliza narudi lini. Nikamwambia likizo ya Agosti. Akachukua kalamu, akaliandika jina langu na mwezi huo kwenye ukurasa wa wanaodaiwa.